Maradhi ya Nafsi na Mshauri wa Kuaminiwa

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Mzenga, Wilaya ya Kisarawe)



Katika ofisi ya kila chama cha msingi kuna daftari la mapokezi ya mazao, na daftari hilo husema mambo mengi kuliko yaliyoandikwa ndani yake. Mkulima aliyeleta korosho zake kila msimu, mwaka huu jina lake halionekani. Mikorosho yake ipo, wala hakuhama kijiji. Ila chini ya miti magugu yamepanda hadi magotini, na korosho zilizoanguka zinaoza kwa unyevu. Katika mkutano mkuu hakuja. Jirani wa kwanza husema amekuwa mvivu. Wa pili husema anauza kwa walanguzi wa kangomba. Wa tatu hunong'ona kwamba amerogwa.

Huenda mmojawapo amesema kweli. Lakini yapo maelezo ya nne, ambayo watu huyafikiria mwisho wa yote: kwamba ndugu huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake haumo katika mguu wala katika tumbo, bali umo katika nafsi. Mazungumzo haya yanahusu mtu huyo: nani anaweza kumsaidia, atamtambuaje msaidizi aliye mwema, na imani baina yao hujengwaje. Yanaletwa mbele ya makatibu kwa sababu katibu, kwa daftari lake, mara nyingi ndiye wa kwanza kuona.

1. Ugonjwa wenyewe

Huzuni si ugonjwa. Aliyefiwa hulia, na aliyepata hasara hukosa usingizi. Haya ni mambo ya binadamu. Lakini huzuni, au kukosa hamu ya kila jambo, ikimkaa mtu karibu kutwa nzima, siku baada ya siku, kwa muda wa majuma mawili au zaidi, akawa halali vizuri, hali chakula, hana nguvu, anajilaumu kwa kila kitu, na pengine anatamani kufa, hapo wataalamu husema ana sonona. Wengi hawaendi zahanati wakasema wana sonona. Husema kichwa kinawaka moto, mwili mzima unauma, moyo unakwenda mbio, au wana mawazo mengi. Mhudumu asiyeuliza zaidi huwapa vidonge vya maumivu, nao hurudi nyumbani na mzigo ule ule.

Katika sehemu za Pwani, kama katika sehemu nyingi za nchi, mtu huona haya kusema jambo hili. Hospitali ya Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, imekuwa neno la kutaniana. Kabla yake, tangu mwaka 1904, wagonjwa wa akili walikwisha kutunzwa huko Lutindi, katika milima ya Usambara. Taasisi hizo zimefanya kazi ya heshima. Lakini kwa sababu ya mzaha wa watu, mwenye sonona hudhani kwamba akifungua kinywa tu atahesabiwa kuwa kichaa. Basi hunyamaza. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na kwa maradhi haya methali hiyo si ya kupamba maneno.

2. Nani awezaye kusaidia

Mwanachama wa Mzenga hana haja ya kuanza safari kwa kwenda Dodoma. Ngazi zipo. Ya kwanza ni zahanati na kituo cha afya. Kisha Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe. Kisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Tumbi, huko Kibaha. Na juu yake Muhimbili, Dar es Salaam. Mpango wa kuiingiza huduma ya akili katika zahanati na vituo vya afya si mpya. Ulianza kujaribiwa katika mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro mnamo miaka ya 1980, kwa wazo kwamba mgonjwa atibiwe karibu na kwake. Hadi leo wataalamu hawatoshi. Hata hivyo mlango wa kwanza ni ule ule wa zahanati.

Yafaa pia kuzijua kazi za wahusika, maana watu huchanganya. Daktari bingwa wa magonjwa ya akili ni tabibu, anaweza kuandika dawa. Muuguzi wa afya ya akili hufuatilia mgonjwa na dawa zake. Mtaalamu wa saikolojia na mshauri nasaha hawatoi dawa. Kazi yao ni mazungumzo yenye utaratibu. Ofisa wa ustawi wa jamii husaidia pale ugonjwa ulipofungamana na ugomvi wa nyumbani, mirathi au matunzo ya watoto.

Lipo pia suala la waganga, na haifai kulipita kimya kana kwamba halipo. Mzaramo mwenye maradhi yasiyoeleweka amekwenda kwa mganga tangu zamani, na hakwenda peke yake. Jamaa walikaa pamoja, wakatoa maneno yaliyofichwa, ngoma za madogoli zikapigwa, na mgonjwa akajiona kuwa bado ni mtu wa watu. Katika hilo liko jambo ambalo hospitali ingefaa kujifunza: mgonjwa hakuachwa akae na maradhi yake peke yake. Serikali kwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 imeweka Baraza la kuwasajili waganga. Lakini mganga anayemtaja jirani kuwa ndiye mchawi anavunja sheria ya nchi, na anavunja kijiji. Anayemfunga mgonjwa kwa minyororo, au kumkataza dawa ya hospitali, au kudai shamba kwa malipo, huyo si wa kufuatwa, awe na sifa kubwa namna gani.

3. Kumpima mshauri

Mwanachama wa ushirika anajua thamani ya mizani. Hakubali korosho zake zipimwe kwa kukadiriwa kwa macho. Basi ashangaza mtu huyo huyo kuukabidhi moyo wake kwa mshauri bila kuuliza lolote, au kumkimbia mshauri mwema siku ya kwanza kwa sababu tu hakupendezwa na sura yake.

Kikao cha kwanza ni cha kupimana. Mshauri anamwuliza mgonjwa habari zake, na mgonjwa naye ana haki ya kuuliza. Yafaa aulize mambo haya:

(a) Mshauri amesomea wapi kazi hii, na anafanya chini ya hospitali au ofisi gani?

(b) Maneno yatakayosemwa yatakaa wapi, na nani mwingine atayasikia?

(c) Vikao vitakuwa vingapi, vya muda gani, na gharama yake nini?

(d) Je, watazungumza kwa lugha ambayo mgonjwa anaweza kuitumia kwa raha, hasa katika mambo ya ndani?

(e) Kama msaada huu haufai, mshauri atampeleka wapi?

Mshauri mwema hakasirishwi na maswali hayo. Atajibu kwa utulivu, na atasema wazi mpaka wa siri: kwamba anayoambiwa hayatoki, isipokuwa pale maisha ya mgonjwa au ya mtu mwingine yamo hatarini, au mtoto anadhuriwa. Anayeahidi kwamba hatasema lolote kamwe, hata iweje, anaahidi asichoweza kutimiza. Na anayesimulia habari za mgonjwa wa jana, hata bila kutaja jina, kesho atasimulia za huyu wa leo.

Zipo dalili za mshauri asiyefaa. Huyo huzungumza kuliko anavyosikiliza. Hutoa hukumu kabla ya kujua kisa. Huwalazimisha watu dini yake au siasa yake. Humshikashika mgonjwa au kumtaka kimapenzi. Na hili, likitokea hata mara moja, ni sababu ya kuondoka na kutoa taarifa kwa wakuu wake. Huomba mkopo, huomba mbuzi, huomba kiwanja. Humfanya mgonjwa amtegemee kwa kila jambo, badala ya kumwezesha kusimama.

Kinyume chake, kutojisikia vizuri mara ya kwanza si dalili mbaya. Kusema jambo lililofichwa miaka kumi huuma, kama jipu linapotumbuliwa. Kwa hiyo ni vyema mgonjwa ajipe vikao vitatu au vinne kabla ya kuamua. Baada ya hapo, akiona bado hasikilizwi, anaweza kumwambia mshauri wazi na kuomba apelekwe kwa mwingine. Kubadili mshauri si utovu wa adabu. Vijana wengine hupendelea mtu wa mbali asiyejua ukoo wao. Wanawake wengi hupendelea mwanamke mwenzao, kama zamani mwali alivyokuwa na somo wake. Haki hizo ziheshimiwe.

4. Imani hujengwa kwa kazi

Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, alieleza kwamba mapatano kati ya mshauri na mgonjwa yana sehemu tatu. Ya kwanza ni lengo: wote wawili wakubaliane wanataka kufika wapi. Ya pili ni kazi: wakubaliane kila mmoja atafanya nini ili wafike. Ya tatu ni fungamano: waheshimiane na kuaminiana. Utafiti wa miaka mingi tangu hapo umeonyesha kwamba mapatano hayo yakiwa imara, mgonjwa hupata nafuu zaidi, iwe mshauri ni wa mtindo huu au ule.

Mwana ushirika atayatambua mambo hayo upesi, kwa maana chama nacho hujengwa kwa lengo, kazi na kuaminiana. Tena anajua imani ikivunjika hurudi kwa shida. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Sheria ya kuvirudisha ilipitishwa mwaka 1982. Amri ya kuvunja ilitimizwa kwa siku chache, lakini kumrudisha mkulima aamini tena kwamba stakabadhi ya chama ni fedha, kulichukua miaka, na mahali pengine kazi hiyo haijakwisha. Kilichorudisha imani si hotuba, bali ni mkulima kupimiwa sawa, kuandikiwa sawa, na kulipwa kwa tarehe iliyosemwa.

Ndivyo ilivyo katika chumba cha ushauri. Mshauri aliyesema saa nne yupo saa nne. Aliyesema ataleta jibu, huleta. Akikosea huomba radhi. Mgonjwa naye ana upande wake: kufika, kusema kweli hata ile yenye aibu, kujaribu zoezi alilopewa, na kusema anapoudhika. Kutoelewana kutatokea. Mshauri anaweza kusema neno likamchoma mgonjwa, na mgonjwa akaazimia asirudi tena. Hapo ndipo penye faida kubwa iliyofichika: akirudi na kusema, «neno lile la juzi liliniumiza», na mshauri akalipokea bila kujitetea, imani hutoka hapo ikiwa na nguvu kuliko kabla ya ugomvi.

5. Mifano miwili

Mfano wa kwanza ni wa hapa nchini. Mnamo mwaka 1959 daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alifika Tanganyika, na huko Mahenge alikuta watu wengi wenye kifafa. Wapogoro waliogopa kwamba kifafa huambukizwa kwa mate ya mgonjwa. Hivyo mwenye kifafa alikula peke yake, na akianguka motoni wengi walichelea kumshika. Dawa ilikuwapo, nayo ni ya bei ndogo. Lakini dawa ya kifafa hunywewa kila siku kwa miaka, hata siku ambazo mtu hajisikii mgonjwa, na kuikatiza ghafla huweza kuleta degedege kali. Nani atakubali kunywa dawa ya namna hiyo kutoka kwa mgeni asiyemwamini? Daktari huyo alikaa na watu, akawagusa wagonjwa walioogopwa, akauliza watu wanaeleza vipi ugonjwa huo kabla ya kueleza yeye. Kliniki yake ikasimama. Kifafa si sonona, lakini funzo ni lile lile: dawa iliyo njema hupita katika mlango wa imani, na mlango huo ukifungwa dawa hubaki kabatini.

Mfano wa pili ni wa Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda alikuwa na mgonjwa aliyejiua baada ya kukosa nauli ya kufika hospitali. Mkulima wa Mzenga hahitaji kufafanuliwa jambo hilo. Daktari huyo aliona kwamba hospitali ingoje watu hadi lini. Akaanza mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, Harare, pamoja na bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa kujitolea. Vyumba havikupatikana, basi mazungumzo yakafanywa nje, katika benchi chini ya mti. Mwanzoni daktari aliliita benchi la afya ya akili, na watu hawakukaa. Bibi wale wakamwambia alibadili jina, liitwe Benchi la Urafiki. Watu wakaja.

Bibi wale hawatumii maneno ya vitabuni. Kwa Kishona husema kufungua mawazo, kuinua na kuimarisha. Mgonjwa hutaja shida zake zote, huchagua moja, kisha wote wawili hutafuta hatua ndogo inayowezekana juma hilo. Matokeo ya utafiti uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, kwa wagonjwa 573, yalitangazwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliopata huduma ya kawaida, takriban 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za sonona. Waliokaa benchini ni takriban 14 katika kila 100. Utaratibu huo umefika Zanzibar pia. Bibi wale hawakuwa madaktari. Walifundishwa, walisimamiwa na wataalamu, na walijua nani wa kumpeleka mbele.

6. Wajibu wa katibu na wa chama

Katibu si mshauri nasaha, wala asijifanye. Lakini kuna mambo matano anayoweza kuyatenda.

Kwanza, akiona jina limetoweka katika daftari, aende nyumbani kwa mwanachama kwa salamu, si kwa madai. Deni la pembejeo litasubiri siku nyingine.

Pili, aulize na asikilize. Asiseme «jikaze», wala «wenzako wana shida kuliko wewe». Neno «pole, imekuwaje?» latosha kufungua mlango.

Tatu, akisikia ndugu anazungumza juu ya kufa, aulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo. Kisha asimwache peke yake, sumu za shambani ziondolewe karibu naye, na apelekwe kituo cha afya siku ile ile. Wengi hunyamaza kwa kuogopa polisi, kwa kuwa Kanuni ya Adhabu iliyorithiwa kwa mkoloni inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Huko Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha namna hiyo ni kinyume cha Katiba. Lakini kumweleza tabibu kwamba mawazo hayo yanakujia si jaribio, wala si kosa. Hilo lielezwe katika kila kijiji.

Nne, atunze siri. Jina la mgonjwa lisiingie katika muhtasari wa mkutano, wala lisitajwe barazani kwa kisingizio cha kumwombea dua. Katibu aliyemsindikiza mwenzake Kisarawe na akanyamaza amefanya kazi ya ushirika. Aliyesimulia njiani amemfungia mlango huyo na wengine kumi wanaosikiliza.

Tano, chama kizungumze juu ya nauli. Safari moja ya hospitali haitoshi. Mazungumzo ya tiba huhitaji vikao kadhaa, na dawa za sonona kwa kawaida huchukua majuma mawili hadi manne kabla mgonjwa hajaona nafuu. Wagonjwa wengi huacha katikati kwa kukosa nauli, si kwa kukosa nia. Chama chenye mfuko wa jamii kinaweza, kwa azimio la mkutano mkuu, kutenga fungu dogo la safari za matibabu bila kuuliza ni ya ugonjwa gani. Halmashauri ya chama inaweza pia kumwalika muuguzi wa afya ya akili azungumze siku ya malipo, wakati wanachama wote wapo.

Ndugu Wanachama,

Mkorosho uliopandwa leo hautoi matunda msimu ujao. Hupaliliwa, hukatwa matawi, hupuliziwa dawa, na mwenye shamba hungoja. Mtu aliyeugua nafsi hurudi kwa mwendo huo huo, naye akipata mshauri wa kweli, na jamaa wasiomcheka, na chama kisichomsahau, kwa kawaida hurudi. Makatibu watakapofika katika vyama vyao, yafaa wafungue daftari la msimu uliopita na la msimu huu, wayaweke bega kwa bega, na kutazama majina yasiyoonekana tena. Kisha mmoja wao avae viatu, aende akapige hodi.